Vita ya Python 2 na Python 3? Tabora Walishapigana Hiyo Kitambo

Kama una mshkaji anayeandika programu za kompyuta, mchokoze kidogo. Mwambie hivi: "Bora Python 2 kuliko Python 3." Halafu kaa pembeni na soda yako. Kama ameanza kazi hiyo zamani, atacheka, atakunja uso, kisha atakupa hadithi ndefu ya miaka kumi na zaidi ya watu kurushiana maneno kwa sababu ya lugha.

Ndiyo, lugha. Python ni lugha ya kuiambia kompyuta ifanye nini. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1991, mtunzi wake ni Mholanzi anaitwa Guido van Rossum, na leo iko kila mahali. Ukifungua Insta asubuhi kabla hujapiga hata mswaki, sehemu kubwa ya kinachofanya kazi nyuma ya pazia kule kwenye seva zao ni Python.

Desemba 2008 likatoka toleo la tatu. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana toleo hilo lilikuja kuvunja mambo. Programu iliyokuwa ikienda vizuri kwenye toleo la pili, ukiipeleka kwenye la tatu inagoma. Neno print lililokuwa linasimama lenyewe sasa likataka mabano. Ukigawanya 3 kwa 2, toleo la pili lilikuwa linakupa 1, la tatu likakupa 1.5. Mtu ana mistari laki moja aliyoiandika kwa jasho lake, halafu anaambiwa: kaka, rudi ukaipitie yote.

Ila sababu kubwa ya kuvunja vitu ilikuwa herufi. Python 2 ilizaliwa kwenye dunia ya kompyuta zilizojua A mpaka Z ya Kiingereza na si zaidi. Maandishi ya Kiarabu, ya Kichina, ya Kihindi, hata jina la Mfaransa lenye alama juu, yote yalikuwa kama mgeni aliyeingia harusini bila kadi. Mara yanapokelewa, mara programu inaanguka katikati ya kazi. Toleo la tatu likasema basi, kuanzia sasa herufi za dunia nzima zina haki sawa. Wazo zuri, hakuna aliyelipinga kwa sauti. Swali lililoleta ugomvi lilikuwa moja: nani analipa gharama za kuhama?

Shika hilo swali. Tunalipeleka Tabora.

MJI ULIOJENGWA NA MIGUU

Kabla ya treni na kabla ya lami, Tabora palikuwa njia panda ya nusu ya Afrika Mashariki. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipofika pale Novemba 1857 wakaita mahali hapo Kazeh. Walikuta wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wameshajenga matembe yao, katikati ya nchi ya Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi. Ukitoka Bagamoyo ulipita Mpwapwa, ukakatiza Ugogo, ndipo ukafika Tabora. Ukiwa pale unachagua: magharibi kwenda Uvinza na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, au kusini kuelekea Katanga.

Kutoka pwani mpaka Tabora ilikuwa miezi mitatu hivi kwa miguu, mambo yakienda sawa. Yakienda kombo, sahau kabisa kalenda. Kila mpagazi alibeba kama kilo 30 begani au kichwani: pembe za ndovu zikishuka, vitambaa, shanga, nyaya na bunduki zikipanda. Na tusifiche, njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, ambao hawakuchagua safari wala mwisho wake.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Hii haikuwa kazi ya kuokoteza. Walikuwa mafundi wa njia: wanajua maji yako wapi, wanajua bei ya mkataba wao, na wakionewa wanatua mizigo chini na kugoma. Wengi wao hakuna aliyeandika majina yao. Vitabu vya wasafiri vimejaa majina ya waliotembea mbele wakiwa mikono mitupu, aliyebeba kitanda cha bwana huyo anaitwa tu "mpagazi".

Lakini angalia walichobeba bila kulipwa. Kijana anatoka kijiji cha Unyanyembe nyumbani wakiongea Kinyamwezi. Anashuka Bagamoyo, anakaa wiki kadhaa akisubiri mzigo wa kurudi nao. Pale sokoni kila kitu ni Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni cha upande wa Unguja, kwa sababu mali na mikopo ilitoka Unguja. Anarudi nacho. Mwakani mdogo wake anashuka. Makumi ya maelfu ya watu walipita njia hiyo kila mwaka katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kila mmoja alirudi na maneno mdomoni.

Na njia nayo ikaingiza maneno yake kwenye lugha. Mengine bado unayo leo, unayatumia bila kujua yametembea kilomita ngapi:

HONGO. Ilikuwa ada ya kupita. Msafara ukifika Ugogo, mtemi anapewa vitambaa ili watu wapite na wachote maji. Ilikuwa halali, kama unavyolipa leo ukivuka na kivuko Kigamboni. Leo ukiitaja hiyo hongo mbele ya TAKUKURU, jiandae.

POSHO. Mgawo wa chakula, au wa kitambaa cha kununulia chakula, alichopewa mpagazi njiani. Leo ni kile kinachowafanya watu wawahi semina kuliko wanavyowahi kazini.

MNYAPARA. Neno la Wanyamwezi kwa mkubwa wa kundi. Kwenye msafara alisimamia wapagazi. Leo yuko saiti ya ujenzi anawapigia kelele vibarua, au gerezani anasimamia wenzake.

Maneno ni yaleyale, kazi zimebadilika. Lugha ilikuwa inajiapdeti yenyewe njiani, polepole, bila mtu kutangaza tarehe wala kumwambia yeyote kwamba lake limepitwa.

Baadaye wakaja wenye tarehe.

KARANI NA KALAMU YAKE

Mchukulie karani mmoja wa Tabora, mwaka 1880 hivi. Ni wa kufikirika, ila watu wa aina yake walikuwepo kweli. Amekaa kwenye baraza ya tembe la tajiri wake, mkeka chini, wino pembeni. Anaandika barua kwenda Unguja: bei ya pembe imepanda, msafara fulani umechelewa, Mirambo ameifunga njia tena, tuma vitambaa. Lugha ni Kiswahili. Herufi ni za Kiarabu.

Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne kadhaa. Tenzi, barua, mikataba, hesabu za madeni, yote yalitoka kulia kwenda kushoto. Aliyejifunza Kurani chuoni alikuwa ameshapata nusu ya ufunguo.

Herufi hizo zilikuwa na shida zake. Kiarabu hakina P, hivyo waandishi wengi waliandika P kwa herufi ileile ya B. Kwenye karatasi, "pata" na "bata" vikawa mapacha. V ikaazima nguo za F, "vaa" na "faa" vikafanana. Irabu za Kiswahili ni tano, alama za Kiarabu ni tatu, hivyo U na O zikalala kitanda kimoja, I na E kitanda kingine.

Kwa karani wetu hii haikuwa ishu. Anaijua lugha, anaijua biashara, maana ya sentensi yenyewe inamwambia kama ni bata au ni kupata. Unaona ilivyo sawa na Python 2? Mfumo una matobo, lakini aliyeuzoea anajua matobo yako wapi na anayaruka bila hata kuangalia chini. Anayeanguka ni mgeni.

Na msidhani watu walikaa tu. Mombasa, katika karne hiyohiyo ya 19, kulikuwa na mafundi wa kuandika waliobuni alama za ziada ili herufi za Kiarabu zibebe sauti zote za Kiswahili. Kwa lugha ya madevelopa, walitengeneza kiraka. Kiraka chenyewe kilikuwa kizuri. Shida ni kwamba hakikusambaa vya kutosha kabla wenye nguvu hawajaja na mfumo wao.

MJERUMANI ANALETA TOLEO JIPYA

Wajerumani walipoingia, mwanzoni hawakuwa na ujanja. Barua zote za watu waliowataka zilikuwa kwa herufi za Kiarabu. Wakachapisha mpaka vitabu vyenye mifano ya barua hizo, ili maofisa wao wajifunze kuzisoma. Kwa miaka kadhaa karani wetu alikuwa lulu. Serikali mpya ilimhitaji kuliko yeye alivyoihitaji serikali.

Tabora yenyewe haikuingia kirahisi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao mpaka Januari 1893, na alipoona ngome inavamiwa akalipua baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Baada ya hapo ikaja boma, ikaja kodi, na makaratasi yakaanza kurundikana.

Huku nyuma, Tanga, kulikuwa na shule ya serikali iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wanafunzi walisoma Kiswahili kwa herufi za Kilatini, hizi unazosoma sasa hivi. Mwaka 1904 shule hiyo ikaanza kuchapa gazeti, Kiongozi. Vijana waliotoka kule walisambazwa nchi nzima kuwa makarani na walimu, kila mmoja na toleo jipya mkononi.

Sababu za kuhama zilikuwa za aina mbili. Moja ya kiufundi: herufi za Kilatini zina P na V zake, zina irabu tano kamili, na mashine za kuchapia zilizokuwepo zilizipenda. Hapo huna cha kubisha. Nyingine ilikuwa ya siasa: wamisionari na baadhi ya wakubwa wa Kijerumani waliona herufi za Kiarabu ni mlango wa Uislamu, wakataka mlango huo ufungwe. Sababu ya pili ilisafiri imejificha ndani ya ile ya kwanza. Aliyepinga siasa akaonekana anapinga maendeleo.

Sasa mrudie karani wetu. Mwaka 1912 reli ya kati inafika Tabora. Miaka miwili baadaye inafika Kigoma. Msafara wa miezi unakuwa safari ya siku chache, na mpagazi ambaye mabega yake ndiyo yalikuwa lori la nchi anabaki amesimama stesheni anaangalia moshi. Inakuja vita kuu, Wabelgiji wanauteka mji Septemba 1916, halafu anakuja Mwingereza. Mwaka 1923 serikali inaanzisha gazeti la Mambo Leo, linasafiri na treni mpaka bara, kwa Kilatini. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 inajengwa shule kubwa ya serikali Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Kilatini tena.

Karani sasa ni mzee. Ameandika barua maisha yake yote. Ameshika hesabu za matajiri, amesoma mikataba iliyoamua nani anamiliki nini. Siku moja anaingia ofisi ya serikali na karatasi yake, kijana wa mezani anaigeuzageuza juu chini, hajui hata inaanzia upande gani. Kisha anamuuliza swali la adabu kabisa:

"Shikamoo mzee. Samahani, hujui kusoma?"

Akili ya mzee ni ileile. Mkono wake haujatetemeka, wala hajasahau herufi hata moja. Kilichobadilika ni toleo. Jana msomi, leo anaambiwa aweke dole gumba kwenye wino.

Hilo ndilo jambo ambalo watu wa Python walikuwa wanalipigia kelele, hata kama hawakulisema hivyo. Toleo jipya likitangazwa, ujuzi wako haupungui, thamani yake ndiyo inapungua. Na aliyeipunguza mara nyingi hakuwa na cha kupoteza.

MOMBASA 1928: MATOLEO MAWILI YANAINGIA ULINGONI

Herufi zikawa zimeamuliwa. Kukabaki swali la pili: Kiswahili kipi?

Maana Kiswahili kilikuwa na matoleo mengi tayari. Kulikuwa na Kimvita cha Mombasa, Kiunguja, Kiamu cha Lamu, na vingine kibao. Unguja wanasema "macho", Mombasa "mato". Unguja "njoo", Mombasa "ndoo". Unguja "nchi", Mombasa "nti". Shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilitaka vitabu vya aina moja, na huwezi kuchapa kitabu kimoja kwa lahaja nne.

Waliotaka Kimvita walikuwa na hoja nzito. Mombasa ilikuwa na ushairi mkubwa wa miaka mingi, tungo zilizokaa kwenye vichwa vya watu kabla ya mzungu yeyote kuandika kamusi. Misheni kadhaa zilikuwa zimeshachapa vitabu kwa Kimvita. Walichosema kwa ufupi ni hiki: sisi ndio wenye kazi bora, mbona tuhame?

Waliotaka Kiunguja walikuwa na hoja moja tu, lakini ilikuwa na miguu. Walisema nendeni bara mkasikilize. Nendeni Tabora. Nendeni Ujiji. Mtu wa huko akiongea Kiswahili, anaongea kinachofanana na cha nani?

Mwaka 1928 mkutano ukakaa Mombasa, nyumbani kwa Kimvita kabisa, na Kiunguja kikashinda. Ni kama timu ya mtaani kwenu kufungwa uwanja wa nyumbani na refa kuhamia kwa mshindi. Januari 1, 1930 ikaanza kamati ya lugha ya nchi hizo nne, kazi yake kusanifisha Kiswahili: tahajia moja, kamusi moja, na kila kitabu cha shule kupita mikononi mwao kabla ya kupata kibali. Leo tungesema walikuwa wanagawa tiki ya bluu.

Mwanzoni ndani ya kamati hiyo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Soma tena hiyo. Lugha ya Waswahili, kamati ya Waingereza. Kuna watu wa Mombasa waliolalamika tangu hapo, na malalamiko hayo hayajaisha mpaka leo. Wakisema Kiswahili cha vitabuni kina harufu ya sarufi ya Kizungu, hawatanii.

Ila kuna upande mwingine ambao hausemwi sana. Wale mabwana waliokaa kwenye viti 1928 hawakuanzisha Kiunguja bara. Walikikuta. Kilikuwa kimeshapandishwa mlima na kuvushwa Malagarasi na watu wasiojua kamati ni kitu gani. Yule mpagazi asiye na jina alikuwa amepiga kura miaka hamsini kabla, kwa miguu yake, na kura yake ndiyo iliyotoa mshindi. Kamati ikagonga muhuri.

Hata kwenye programu mambo huenda hivyo. Anayetangaza toleo rasmi ni mmoja, lakini toleo linaloshinda ni lile ambalo watu wa chini wameshaanza kulitumia kufanyia kazi zao.

WALIOBAKI NA TOLEO LAO

Je, matoleo ya zamani yalikufa? Wapi!

Kiswahili kilichovuka ziwa kutoka Ujiji na kuingia Kongo kilikua kivyake. Sikiliza mtu wa Lubumbashi, Bukavu au Bunia anavyoongea, utaelewa, halafu utapotea, halafu utaelewa tena. Wenye kompyuta wana neno lao kwa jambo hili: watu wanachukua msimbo uleule, wanatoka nao njia yao, na kila upande unaendelea kuujenga unavyotaka. Hakuna aliyekosea hapo. Barabara ziliachana tu.

Mombasa na Lamu washairi waliendelea kutunga kwa lahaja zao, na mpaka leo shairi la Kimvita likisomwa vizuri hata mtu wa Kariakoo ananyamaza.

Maumivu yalibaki sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa mtu wa bara mwenyewe. Baada ya kubeba lugha kwa mabega yake, ikaja shule ikamwambia anachoongea ni "Kiswahili cha bara", lafudhi yake mbovu, sarufi imepinda. Aliyeisambaza lugha akawa wa kuchekwa kwenye lugha hiyohiyo.

Ya pili ni makaratasi. Barua, tenzi na mikataba ya herufi za Kiarabu iko kwenye masanduku ya familia nyingi na kwenye maktaba, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjukuu anaongea lugha ileile ya babu yake lakini hawezi kusoma barua ya babu bila kutafuta mtaalamu. Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa ambaye baba yake aliishi maeneo ya Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kitabu chake kinasomwa leo na wengi kwa sababu Mjerumani mmoja alikihamishia kwenye Kilatini mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwa wapagazi wake hakuna aliyehamisha kitu.

LAKINI JE, ILILIPA?

Kuwa mkweli: ndiyo, ililipa. Ila si kwa wakati uleule, na si kwa watu walewale.

Januari 1958, miaka 30 baada ya mkutano wa Mombasa, TANU ilikutana Tabora. Hoja mezani ilikuwa moto: waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, au wasusie? Wajumbe walitoka pande zote za nchi, makabila kibao. Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma na kufundisha Tabora, aliwashawishi waingie. Uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara, na karibu miaka minne baadaye nchi ikawa huru.

Walibishana kwa lugha gani? Kiswahili. Mtu wa Bukoba na mtu wa Lindi waligombana uso kwa uso bila mkalimani, kwenye mji ambao wapagazi walikuwa wanatua mizigo yao kupumzika. Huwezi kuiweka bei hiyo kwenye risiti. Bila lugha moja, mjadala ule ungekuwa mkutano wa wakalimani.

Lakini yule karani wa mkeka hakuwepo kuiona faida. Yeye alilipa, wajukuu ndio waliokula.

WATU WA PYTHON WALIFANYAJE?

Sasa turudi kwenye kompyuta, kwa sababu hapa wenzetu walifanya kitu ambacho Mjerumani na Mwingereza hawakumfanyia karani.

Walimpa muda. Mpango wa kwanza ulikuwa kuizika Python 2 mwaka 2015. Mwaka 2014 wakaona watu wengi bado wako ng'ambo ya mto, wakasogeza mpaka Januari 1, 2020. Tangu toleo jipya litoke ni zaidi ya miaka 11. Wengine walilalamika ni kuwadekeza wavivu. Wengine walisema hata hiyo haitoshi. Lakini tarehe ilijulikana mapema, hakuna aliyeamka asubuhi akakuta dole gumba lake limewekwa kwenye wino.

Wakajenga madaraja. Kulikuwa na kifaa cha kupitia programu ya zamani na kuigeuza kuwa mpya, na kulikuwa na maktaba ya msimbo iliyokusaidia kuandika kitu kimoja kikaenda kwenye matoleo yote mawili. Iliitwa six, yaani sita, kwa sababu mbili mara tatu ni sita. Utani mdogo, lakini uliokoa kazi za watu wengi.

Na waliofanikiwa zaidi hawakubomoa nyumba watu wakiwa ndani. Instagram walihama wote kufikia mwaka 2017, kazi ya miezi kama kumi. Wewe ulikuwa unapandisha picha zako kama kawaida. Hukujua kama chini ya miguu yako mbao zinabadilishwa moja baada ya nyingine.

Tabora ya leo inaijua hiyo pia. Reli iliyofika 1912 ina upana wa milimita 1,000. SGR ina milimita 1,435. Behewa la zamani haliwezi kukanyaga reli mpya, hata ulibembeleze vipi. Lakini wakati vipande vya SGR vinavyokutana Tabora vinajengwa, treni ya zamani bado inapiga honi pale stesheni, inagawanyika kwenda Mwanza na Kigoma. Hakuna aliyeambiwa akae nyumbani asubiri toleo jipya likamilike.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia madevelopa wanatukanana kuhusu matoleo, usiseme ni mambo ya kompyuta tu. Ni ugomvi uleule wa kwenye baraza la tembe. Mmoja anasema kipya ni bora, na mara nyingi yuko sahihi. Mwingine anauliza mimi niliyebeba cha zamani miaka yote hii mnanipeleka wapi, na yeye pia yuko sahihi. Kubishana na wa pili kwa hoja za wa kwanza hakumsaidii mtu. Anayetaka watu wahame ajenge daraja kwanza, ataje tarehe mapema, na akae na yule mzee mpaka avuke.

Na ukipita Tabora, ukanunua asali pale karibu na stesheni, ukasema "shikamoo" kwa mama muuzaji naye akakujibu "marahaba mwanangu", kumbuka nani alizileta salamu hizo mpaka pale. Alikuja kwa miguu, na kilo 30 begani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu kuna barua au kitabu cha zamani cha herufi za Kiarabu ambacho hakuna anayeweza kukisoma? Na wewe unayeandika programu, ulihama lini, na nani alikusaidia kuvuka? Dondosha komenti hapo chini.